Mgonjwa wa saratani ya puru asipasuliwe kabla ya picha ya MRI

WAGONJWA wengi wa saratani ya puru humu nchini bado hulazwa kwenye meza ya upasuaji kabla ya yeyote kujua uvimbe wao umeenea hadi wapi. Kipande cha nyama kimepelekwa maabara, jibu limerudi kwamba ni saratani, jamaa wamechangishana pesa na siku ya upasuaji imepangwa. Picha ya MRI ya kiuno, ambayo ndiyo ingemwonyesha daktari mahali pa kupitisha kisu, haikupigwa. Ukiuliza sababu, utaambiwa kwamba ni ghali, au itachelewesha mambo, au skani ya CT inatosha.

Maoni yangu, baada ya miaka mingi ya kuwapokea wagonjwa wa aina hii na kuwatuma kwa mabingwa, ni kwamba sababu hizo hazitoshi. Picha hiyo si anasa ya matajiri, wala si karatasi ya kujazia faili. Ni sehemu ya matibabu yenyewe, na anayeiruka huenda akayalipia makosa hayo kwa uhai wake.

Si kama utumbo mwingine

Puru ni sehemu ya mwisho ya utumbo mpana, yenye urefu wa sentimita 15 hivi, ambamo choo kikubwa hukaa kabla ya kutoka. Sehemu hii imebanwa ndani ya mifupa ya kiuno. Mbele yake, kwa mwanamume, kuna kibofu cha mkojo na tezi dume; kwa mwanamke kuna uke na mfuko wa uzazi. Nyuma yake kuna mwisho wa uti wa mgongo. Kandokando hupita neva zinazoongoza mkojo na tendo la ndoa. Chini kabisa ipo misuli inayofunga na kufungua njia ya haja kubwa.

Saratani ikitokea kwenye utumbo ulio juu tumboni, daktari wa upasuaji ana nafasi ya kukata mbali na uvimbe. Kwenye puru hana nafasi hiyo. Tofauti kati ya kuutoa uvimbe wote na kuacha mbegu zake nyuma huweza kuwa milimita moja tu. Ndiyo maana upasuaji wa puru ni miongoni mwa upasuaji mgumu zaidi wa tumbo.

Saratani ya utumbo mpana na puru si ugonjwa wa nadra. Mwaka wa 2022 watu wapatao milioni 1.9 duniani waligunduliwa kuwa nayo, na takriban laki tisa walifariki. Hapa Kenya ni miongoni mwa saratani tano zinazoongoza. Isitoshe, wagonjwa tunaowaona sasa si wazee pekee. Wapo wa miaka 30 na 40, watu wenye kazi na watoto wachanga.

La kusikitisha ni kwamba wengi huja wakiwa wamechelewa. Mtu huona damu kwenye choo, akaenda duka la dawa akauziwa dawa za amiba. Ikiendelea, ataambiwa ni bawasiri na kupewa malhamu ya kupaka. Wengine huhisi choo hakijaisha hata baada ya kutoka msalani, au huona choo kimekuwa chembamba, au hudhoofika bila sababu. Aibu huwazuia kusema. Wahenga walinena kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Damu inayoendelea kutoka kwa wiki kadhaa haifai kutibiwa kwa kubahatisha. Daktari anapaswa kuvaa glavu na kupima kwa kidole, kwani uvimbe mwingi wa chini hugusika kwa njia hiyo, kisha mgonjwa apelekwe kuchunguzwa kwa kamera na kukatwa kinyama cha kupimwa.

Hadi hapo hospitali zetu nyingi hufanya vyema. Tatizo huanza jibu linaporudi.

Kiwango cha ugonjwa

Jibu la maabara husema kama ni saratani au siyo. Halisemi imefika wapi. Jambo hilo la pili ndilo linaloitwa kupima kiwango cha ugonjwa, na ndilo linaloamua aina ya matibabu.

Ukuta wa puru una tabaka kadhaa. Saratani huanzia kwenye tabaka la ndani kabisa. Katika kiwango cha kwanza haijavuka tabaka laini lililo chini ya ngozi hiyo ya ndani. Katika cha pili imeingia kwenye misuli ya ukuta. Katika cha tatu imetoboa misuli na kutokeza kwenye mafuta yanayozunguka puru. Katika cha nne imefikia viungo vya jirani, au imepenya utando unaofunika viungo vya tumboni. Pamoja na hayo, daktari hutaka kujua kama tezi za limfu zilizo karibu zimeguswa, na kama ugonjwa umesafiri hadi kwenye ini au mapafu.

Mafuta hayo yanayozunguka puru ndiyo kiini cha habari hii. Yamefungwa na utando mwembamba kama ganda. Mwaka wa 1982 daktari wa upasuaji wa Uingereza, Bill Heald wa mji wa Basingstoke, pamoja na wenzake, walieleza kwamba siri ya kuzuia saratani isirudi ni kuitoa puru pamoja na mafuta hayo yote, ganda lake likiwa zima bila kuchanika. Mwaka wa 1986 Phil Quirke na wenzake wa Leeds walionyesha kwa darubini kwamba mgonjwa ambaye uvimbe wake umefika ukingoni mwa nyama iliyokatwa ndiye ambaye ugonjwa humrudia.

Basi swali likawa hili: daktari atajuaje kabla ya kukata kwamba uvimbe umelikaribia ganda? Kidole hakifiki huko. Kamera huona ndani ya puru tu. Skani ya CT huonyesha vizuri ini na mapafu, lakini kwenye kiuno haitenganishi barabara tabaka moja na jingine. Jibu lilipatikana kwenye MRI.

Sumaku inavyofanya kazi

Mashine ya MRI haitumii miale ya eksirei. Ni sumaku kubwa yenye umbo la pipa, ambayo nguvu zake katika hospitali nyingi ni za Tesla 1.5, yaani takriban mara elfu 30 ya nguvu za sumaku ya dunia. Mwili wetu umejaa maji na mafuta, na ndani yake mna chembe za haidrojeni. Sumaku huzipanga chembe hizo, mawimbi ya redio huzisukuma, na zinaporudi mahali pake hutoa ishara ambazo kompyuta huzigeuza kuwa picha. Kwa kuwa maji, mafuta na misuli hutoa ishara tofauti, tabaka za puru huonekana waziwazi, na lile ganda jembamba huonekana kama mstari mweusi.

Mwaka wa 2006 jarida la British Medical Journal lilichapisha utafiti ulioitwa MERCURY, uliohusisha wagonjwa 408 katika hospitali za Ulaya. Picha zao zilisomwa kabla ya upasuaji, kisha zikalinganishwa na nyama iliyotolewa. Miongoni mwa wale ambao kingo zao zilikutwa salama baada ya kukatwa, MRI ilikuwa imetabiri hivyo kwa asilimia 92. Tangu wakati huo picha hiyo imekuwa kawaida katika nchi zilizoendelea, na mabingwa wa saratani hapa kwetu wanaifahamu vyema.

Mionzi kwanza au kisu kwanza?

Msomaji atauliza: hata tukijua, kuna faida gani? Si upasuaji utafanywa tu?

La, hasha. Uvimbe mdogo usiovuka misuli unaweza kutolewa moja kwa moja, na mgonjwa akaepushwa na tiba ya mionzi ambayo ina madhara yake. Mionzi ya kiuno huweza kumfanya kijana asizae tena, mwanamke akakoma hedhi kabla ya wakati, na haja kubwa ikawa ya kukimbiliwa. Kwa hivyo MRI haimpeleki kila mtu kwenye mionzi. Huwaokoa wasiohitaji.

Uvimbe uliokaribia ganda kwa milimita moja au chini ya hapo ni jambo jingine. Huo hauna budi kupunguzwa kwanza kwa mionzi na dawa za kemikali, ndipo upasuliwe. Watafiti wa Uswidi walionyesha mwaka wa 1997 kwamba siku tano tu za mionzi kabla ya upasuaji zilipunguza idadi ya waliorudiwa na saratani kiunoni kutoka asilimia 27 hadi 11. Nao Wajerumani mwaka wa 2004 walilinganisha mionzi na dawa zinazotolewa kabla ya upasuaji na zile zinazotolewa baada yake. Baada ya miaka mitano, waliotibiwa kabla walikuwa wamerudiwa kiunoni kwa asilimia 6, na waliotibiwa baadaye kwa asilimia 13. Tena waliotibiwa kabla walipata madhara machache.

Hapo ndipo hoja yangu ilipo. Ikiwa mionzi ya kabla ni bora kuliko ya baadaye, basi lazima daktari ajue kabla. Kumpasua mgonjwa kwanza, kisha kungoja maabara iseme ugonjwa ulikuwa umetoboa ukuta, ni kuchukua njia ambayo tunajua kwamba ndiyo duni. Hata fundi wa nguo hatii makasi kwenye kitambaa kabla hajakupima kiuno na mabega.

Kuna na faida nyingine. Baadhi ya wagonjwa hupokea mionzi na dawa, uvimbe ukayeyuka kabisa. Mwaka wa 2004 Daktari Angelita Habr-Gama wa São Paulo, Brazil, alitoa habari za wagonjwa 71 wa aina hiyo ambao hawakupasuliwa mara moja bali waliangaliwa kwa karibu. Leo njia hiyo hutumiwa na mabingwa kwa wagonjwa waliochaguliwa kwa uangalifu. Lakini takriban robo yao uvimbe huchipuka tena, kwa hivyo haifai kwa mtu asiyeweza kurudi kliniki na kupigwa picha kila baada ya miezi michache. Hata hivyo, mgonjwa ambaye hakupigwa MRI mwanzoni hawezi hata kufikiriwa.

Mfano wa mwalimu

Nimewahi kumpokea mwalimu wa shule ya msingi, mwenye umri wa miaka 46, aliyekuwa amepasuliwa katika hospitali moja ya kibinafsi. Barua aliyokuja nayo ilionyesha skani ya CT na jibu la maabara. MRI haikutajwa. Alikuwa ameambiwa kwamba uvimbe umetolewa wote. Miezi 15 baadaye alishindwa kukaa kwenye kiti. Alipopigwa MRI, saratani ilikuwa imejikita mbele ya uti wa mgongo, mahali ambapo kisu hakingeweza tena kufika. Alipewa mionzi ya kutuliza maumivu na mofini. Familia iliuza kipande cha shamba, na fedha zilizookolewa kwa kuruka picha moja hazikufikia robo ya zile zilizotumika mwaka uliofuata.

Siwezi kuapa kwamba picha ingemponya. Saratani ina hila zake. Ninachoweza kusema ni kwamba alinyimwa nafasi ambayo ilikuwapo, na hakujua kwamba alinyimwa.

Hoja za wanaopinga

Wanaosema MRI ni ghali wanasema kweli. Ni maelfu ya shilingi, na kwa mtu wa kibarua ni pesa nyingi. Lakini gharama hupimwa kwa kulinganisha. Upasuaji wa puru, wiki za kulazwa, mifuko ya kukinga choo tumboni na dawa za kemikali zote ni ghali zaidi. Kubana matumizi kwenye kipimo kinachoongoza hayo yote ni kuokoa shilingi na kupoteza shamba.

Wanaosema inachelewesha nao wasikilizwe. Foleni katika hospitali za umma ni ndefu. Hata hivyo, saratani hii aghalabu haikui kwa siku bali kwa miezi. Kungoja wiki mbili kwa ajili ya mpango ulio sawa si hatari kama kukurupuka na mpango mbaya. Dharura ni suala tofauti. Utumbo ukiziba kabisa, tumbo likafura na mgonjwa akatapika, daktari hana wakati wa picha. Lakini hata hapo, mara nyingi inatosha kutoboa njia ya choo tumboni ili mgonjwa apumue, kisha apimwe vizuri kabla ya uvimbe wenyewe kuguswa.

Wengine husema hakuna faida ya kujua kwamba mtu anahitaji mionzi ikiwa mionzi yenyewe haipatikani. Hoja hiyo ilikuwa na uzito zamani, kwani kwa miaka mingi hospitali ya umma iliyotoa mionzi ilikuwa Kenyatta pekee. Hali imebadilika. Hospitali ya Rufaa ya Chuo Kikuu cha Kenyatta ina mitambo yake, na vituo vya saratani vimefunguliwa Nakuru, Mombasa na Garissa. Aidha, ile mionzi ya siku tano ina baraka kwa mtu anayetoka mbali. Badala ya kupanga chumba mjini kwa zaidi ya wiki tano, anaweza kumaliza kwa wiki moja, iwapo bingwa ataona inamfaa.

Picha iwe picha

Ni lazima niseme pia kwamba si kila MRI inafaa. Picha ya kiuno iliyopigwa kwa ajili ya maumivu ya mgongo au uvimbe wa mfuko wa uzazi haitoshi. Picha ya puru hukatwa kwa vipande vyembamba vya milimita tatu hivi, vikielekezwa sawa na mlalo wa uvimbe. Kwa kawaida haihitaji hata dawa ya kudungwa mshipani, jambo linalopunguza gharama.

Ripoti nayo isiwe ya mistari miwili inayosema kuna uvimbe kwenye puru. Hilo tunalijua tayari. Iseme uvimbe uko sentimita ngapi kutoka kwenye njia ya haja kubwa. Umetoka nje ya misuli kwa milimita ngapi. Umebakisha milimita ngapi kufikia ganda. Kama umeingia kwenye mishipa ya damu. Kama misuli ya kufunga choo imeguswa. Na hali ya tezi za limfu. Ripoti isiyo na hayo irudishwe kwa aliyeiandika.

MRI ina upungufu wake. Kwenye tezi za limfu hukosea mara kwa mara, kwani tezi kubwa si lazima iwe na saratani na tezi ndogo si lazima iwe salama. Hutatizika pia kutenganisha kiwango cha kwanza na cha pili. Haichukui nafasi ya CT ya kifua na tumbo, wala ya kinyama cha maabara. Na saratani iliyo juu kwenye utumbo mpana kwa kawaida haihitaji MRI hii. Anayekutoza kwa ajili hiyo muulize sababu.

Wanaoogopa mashine wajue hivi. Utalala chali ndani ya pipa kwa nusu saa au zaidi kidogo. Kuna kelele nyingi kama za kugonga mabati, lakini utapewa vizibo vya masikio. Hakuna maumivu. Ukiogopa mahali pa kubana, sema mapema. Vua saa, pete na kila chuma. Aliyewekewa kifaa cha kuendesha mapigo ya moyo aseme, kwani vingine haviruhusiwi. Na mafundi wetu wa jua kali wanaochomelea na kusaga vyuma waseme kama waliwahi kurukiwa na kipande jichoni, maana sumaku huweza kukisogeza na kuharibu jicho.

Nani afanye nini

Tangu Oktoba 2024 Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ilipochukua nafasi ya NHIF, kumekuwa na malalamiko mengi kuhusu linalolipwa na lisilolipwa. Ombi langu kwa wakuu wake ni moja. Picha ya MRI ya puru iidhinishwe haraka kwa kila mgonjwa aliyethibitishwa na maabara, na hospitali inayodai malipo ya upasuaji wa puru usio wa dharura iambatanishe ripoti ya picha hiyo. Sheria ndogo kama hii ingefanya kazi kubwa kuliko mikutano mingi ya mahotelini.

Kwa madaktari wenzangu wa kliniki za mitaani, kazi yetu ni kutomtuma mgonjwa moja kwa moja kwa mpasuaji na kunawa mikono. Mgonjwa wa puru anahitaji kujadiliwa na mpasuaji, daktari wa saratani na msomaji wa picha wakiwa pamoja, kabla ya siku ya upasuaji kupangwa.

Nawe msomaji, ikiwa jamaa yako ameambiwa ana saratani ya puru, muulize daktari kwa heshima maswali matatu. Je, amepigwa MRI ya puru? Uvimbe umebakisha milimita ngapi kufikia ganda? Na je, anahitaji mionzi kabla ya upasuaji? Daktari mzuri hatakasirika. Atafungua faili na kukuonyesha. Akikosa majibu, usitie sahihi fomu ya upasuaji siku hiyo. Tafuta maoni ya daktari wa pili, na wala usione haya. Uvimbe ukishakatwa, nafasi ya kupanga mwanzo huwa imekwenda nao.